Rakaa Nne za Alanya

Wadha binti Msellem hakuwa mwanamke wa kuomba vitu. Alisomesha hesabu miaka ishirini katika skuli ya wasichana hapa Maskati, akazaa mtoto mmoja baada ya kumtafuta sana, akapika, akafua, akamuuguza mama yake mpaka akamzika, na katika yote hayo hakuna aliyemsikia akisema nataka hiki au nipeni kile. Jambo alilowahi kulitaka kwa kinywa chake lilikuwa moja tu, na alilitaka kabla hajaolewa. Alitaka asiwe na mke mwenza.

Anayejua alikozaliwa hawezi kumlaumu. Unguja, nyumba ya Mzee Msellem ilikuwa na wake watatu, na mama yake Wadha alikuwa wa katikati, pahala pabaya kupita pote, kwani si mkubwa wa kuheshimiwa wala si mdogo wa kupendwa. Siku za zamu yake mama alifukiza udi, akavaa kanga mpya, akakaa kitandani akisikiliza viatu vya mumewe vikipita mlangoni kwake bila ya kusita. Hakugombana hata mara moja. Wadha aliyaona hayo akiwa na miaka saba, minane, tisa, na mtoto wa umri huo hasahau kitu.

Kwa hiyo Yaqoob bin Suud alipokuja kuposa, mwaka 1977, wote wawili wameshahamia Maskati na kila mmoja ana sanduku lake moja la kutoka Unguja, Wadha hakuuliza kazi wala mahari. Alimtuma mjomba wake apeleke sharti kwamba Yaqoob hatooa mke mwengine juu yake. Yaqoob alikubali mbele ya mashahidi wawili. Mjomba alirudi akicheka, akasema kijana amekubali mbio mbio utadhani ameshurutizwa kula halua.

Hapa lazima nieleze jambo, maana asiyelijua atapotea huko mbele. Sisi Maibadhi, Waislamu wa madhehebu ya Oman, msafiri hupunguza sala. Adhuhuri, alasiri na isha, zenye rakaa nne, huzisali mbili. Na safari kwetu haihesabiwi kwa siku. Unaweza kukaa katika mji miaka na miaka ukasali mbili, madhali moyoni mwako hujaufanya kuwa ni kwenu. Mjomba huyo huyo wa Wadha alikaa Kairo miaka minane, akazaa huko watoto wawili, na hakusali nne hata siku moja, kwa sababu kila mwaka alisema mwakani narudi. Siku utakayotia nia kwamba hapa ni kwangu, siku hiyo unainuka kwa rakaa ya tatu. Na mtu aweza kuwa na kwao kuwili. Na tulivyofunzwa majumbani mwetu, mke humfuata mumewe na binti humfuata baba yake mpaka aolewe. Kwao mume ndiko kwao mke, na sala yake ndiyo sala yake.

Walipooana, Yaqoob na Wadha walipanga vyumba viwili mtaa wa Hamriya, juu ya duka la mafundi wa redio, na kwa miezi mitatu ya mwanzo Yaqoob alimsalisha mkewe rakaa mbili mbili. Bado alikuwa na mawazo ya kurudi Unguja mambo yakitulia, au kwenda Dubai kwa ndugu zake. Wadha hakumuuliza. Alisali mbili nyuma yake na vyombo vya harusi akaviacha ndani ya makaratasi. Kisha adhuhuri moja, bila ya tangazo lolote, Yaqoob alimaliza tahiyatu, badala ya kutoa salamu akainuka. Wadha aliinuka nyuma yake machozi yanamtoka. Alasiri ile alivifungua vyombo, akavipanga kabatini.

Na katika jambo la sala, haki ya mtu mpe: Yaqoob alikuwa mkali, na mkali zaidi juu ya nafsi yake. Kuna mwaka alikumbuka saa nne za asubuhi, yuko dukani, kwamba huenda udhu wake wa alfajiri ulikuwa na shaka. Akafunga duka, akarudi nyumbani, akamwita mkewe na mama mkwe wake, na wote aliowasalisha wakairudia. Watu wa Hamriya walimcheka kidogo lakini walimwamini sana. Alikuwa na duka la mapazia na vitambaa vya makochi, baadaye akaongeza ghala katika mtaa wa Ghala, na mteja aliyeambiwa na Yaqoob kwamba kitambaa hiki hakichuji alilipa bila ya kukifua.

Safari za Uturuki zilianza mwaka 1994. Mapazia ya Kituruki yalikuwa yameingia katika mioyo ya wanawake wa Maskati, na Yaqoob akawa anakwenda mwenyewe kuchagua, mwanzo mara moja kwa mwaka, halafu mbili, halafu nne. Alirudi na vitambaa, na tini kavu, na sabuni za mafuta ya zeituni. Wadha alimfungia sanduku na kumfungulia sanduku, na hakuomba kwenda. Nimesema hakuwa mtu wa kuomba.

Aliyeomba alikuwa Shahad, binti yao huyo mmoja, alipofika mwaka wa pili chuo kikuu. Ilikuwa 2003, na wenzake wote walikuwa wakienda kupumzika nje wakati wa joto. Shahad alimkalia baba yake kooni mwezi mzima. Mama kastaafu, alisema, mama hajapanda ndege tangu ile ya kutoka Darisalama, na wewe Uturuki unakwenda kama mtu anayekwenda Mutrah hapo sokoni. Yaqoob alijaribu Salala, akasema huko kuna mvua na kijani na hakutaki pasi. Shahad akasema Salala wamekwenda mara tatu. Mwisho baba alikubali, lakini kwa namna yake. Hoteli hataki, maana hotelini hujui unalishwa nini. Angewatafutia nyumba ya kupanga yenye jiko, wiki mbili, katika mji wa pwani anaoufahamu, uitwao Alanya, wapike wenyewe na wale kwa amani.

Wadha alifurahi kuliko alivyoonesha. Alijaza sanduku zima vitu vya kupikia, mchele, bizari, iliki, tui la unga, ndimu kavu, na kisu chake mwenyewe, kwa kuwa alisikia visu vya nyumba za kupanga havikati hata siagi. Shahad aliona haya uwanja wa ndege sanduku lilipofunguliwa. Wadha hakuona haya yoyote.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na ukumbi, na jiko la gesi la macho mawili ambalo moja lilikuwa halishiki moto. Kwenye roshani ukikaa unaiona bahari, na nyuma yake kilima chenye ngome ya zamani. Chini kulikuwa na bwawa, na kandoye walilala Wazungu wekundu tangu asubuhi mpaka jioni. Wadha aliwageuzia kiti mgongo. Kilichomshangaza zaidi kilikuwa migomba. Nje tu ya mji, kwenye miteremko, kulikuwa na mashamba mazima ya migomba, mifupi, imesimama inaitazama bahari kama ya kwao Unguja. Siku ya soko alinunua kishada cha ndizi mbichi, akazipika kwa tui la unga juu ya lile jicho moja la gesi, na Yaqoob alikula sahani mbili.

Zilikuwa siku nzuri, tuseme kweli. Asubuhi Yaqoob alishuka kununua mkate wa moto na jibini, wakanywa chai ya rangi, mama na binti wakateremka ufukweni wakiwa wamevaa nguo zao, wakatia miguu majini. Adhuhuri na alasiri Wadha alizisali pamoja ukumbini, mbili na mbili, kama msafiri yeyote, kisha akachota chakula. Yaqoob yeye sala zote alisali msikitini. Ulikuwa mwendo wa dakika kumi na alikuwa hakosi hata alfajiri. Msikitini ukisali nyuma ya imamu mkaazi unasali nne kama yeye, uwe msafiri uwe nani, na hakuna wa kukuuliza nia yako.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye furaha huambiwa na bado haoni. Muuza mkate alimwita mume wa Wadha Yakup Bey, yaani Bwana Yaqoob, na kumuuliza habari ndefu kwa Kituruki, na Yaqoob akajibu kwa Kituruki kirefu zaidi ya cha kununulia mapazia. Alijua swichi ya taa za ngazi iliko kabla hajaitafuta. Wadha alijiambia, ni miaka tisa anakuja. Siku moja alimuuliza mapazia yanafumwa wapi katika mji huu, maana anaona hoteli tu na migomba. Yaqoob alisema viwanda viko Bursa, mbali, huku hupita kupumzika. Akasema pia kwamba Agosti mji huu huwa wa wageni, wenyeji wengi hupanda milimani kukimbia joto. Wadha aliyaona hayo kuwa mazungumzo ya kawaida.

Siku ya sita jioni Yaqoob aliingia baharini, akakanyaga kile kinyama cha miiba kinachokaa majabalini. Mtu aliyejifunza kuogelea Unguja, kuja kuchomwa Uturuki! Shahad alicheka mpaka akakaa chini. Wadha alimchomoa miiba kwa sindano, akamkanda kwa siki ya moto. Isha ile Yaqoob akaisali peke yake chumbani, na asubuhi ya siku ya saba mguu ulikuwa umevimba, hauingii katika kiatu wala hauwezi kukanyaga ngazi. Msikiti ukawa haufikiki.

Adhuhuri ilipoingia, Shahad ndiye aliyetandika. Alitandika mswala wa baba mbele na wao wawili nyuma, akasema leo tumempata, atusalishe kama zamani Hamriya. Yaqoob alisema wao wasali zao, yeye mguu unamuuma, atasali amekaa chumbani. Shahad akasema na sisi tutakaa. Wadha alikuwa anapika wali. Alipunguza moto, akaja akifuta mikono, akasimama mahala pake pa miaka ishirini na sita, nyuma ya mumewe. Yaqoob aliwatazama, kisha akageuka kibla. Alisimama akiegemea mguu mmoja, akakabiri kuanza sala.

Rakaa ya kwanza, ya pili, tahiyatu. Wadha alishageuza shingo nusu kwa ajili ya salamu. Yaqoob akainuka.

Imamu akisahau, mwanamke hasemi, hupiga kofi mgongo wa mkono ili amzindue. Wadha akapiga. Yaqoob alilisikia, mabega yake yalistuka kidogo, na akaendelea. Wadha akapiga tena, kwa nguvu. Yaqoob akarukuu. Basi nao wakainuka wakamfuata, ya tatu na ya nne, mpaka salamu.

Shahad ndiye aliyecheka kwanza. Alisema baba kasahau kama yuko safari, miiba imempanda kichwani. Yaqoob alisema kweli, amesahau. Wadha akasema basi turudie, na akawa ameshasimama. Yaqoob akasema hapana haja, imeshapita, Mungu msamehevu.

Hapo Wadha alimgeukia. Huyu ni mtu aliyefunga duka saa nne za asubuhi kwa shaka ya udhu. Huyu aliwarudisha mswalani na mama mgonjwa. Leo amezidisha rakaa mbili nzima, amepigiwa kofi mara mbili, naye anasema Mungu msamehevu. Ama Yaqoob ameacha kujali sala, na hilo haliwezekani, ama hakusahau. Wadha alikuwa mwalimu wa hesabu, na hesabu hii ilikuwa fupi mno. Alimtuma Shahad akanunue mkate, ingawa mkate wa asubuhi ulikuwa bado uko mezani. Alingoja mpaka mlango wa chini ukafungwa.

"Baba Shahad," alisema, "nna suali la dini."

"Uliza."

"Mie hapa nisali ngapi?"

Angeweza kusema mbili. Neno moja tu, na wiki ingemalizika, wangerudi Maskati na tini kavu. Kwa miaka alikuwa amemdanganya mkewe katika kila kitu kinachodanganyika, safari, simu, kiwanda, mguu wa kwenda na mguu wa kurudi. Lakini hili lilikuwa suali la sala, na akimdanganya katika hilo madhambi yatakuwa yake mpaka kiyama. Alijua, na Wadha alijua kwamba anajua. Ndiyo maana aliliuliza hivyo.

Yaqoob aliutazama mguu wake.

"Sali nne," alisema.

Wadha alikaa kwenye kiti. Hakupiga kelele. Alimuuliza ameoa hapa tangu lini, akaambiwa miaka minne. Alimuuliza kama kuna watoto, akaambiwa hakuna. Mwanamke mwenyewe alikuwa mjane wa hapo hapo Alanya, nyumba yao iko mtaa wa tatu kutoka hapo, na kwa wiki mbili hizi amepanda mlimani kwa mama yake, kama wanavyofanya wenyeji Agosti. Yaqoob alitaka kumtaja jina. Wadha aliinua mkono kumzuia. Jina likishaingia sikioni halitoki, na yeye hakulitaka katika sikio lake.

Kwa hiyo alikuwa na mke mwenza. Lile jambo moja alilolikimbia tangu utoto, aliloliwekea mashahidi, limekuwa naye miaka minne, analipigia pasi kanzu na kulifungia sanduku. Lilimuuma, tena sana. Lakini maumivu haya aliyajua. Aliyarithi kwa mama yake, na mtu hupata namna ya kuyabeba aliyoyarithi. Alifikiri hilo ndilo zito lenyewe. Kisha macho yake yakaangukia miswala mitatu iliyokuwa bado imetandikwa ukumbini, na akakumbuka.

"Na zangu za siku sita?" alimuuliza.

Yaqoob aliusogeza mguu uliovimba.

"Nimesali mbili hapo, kila siku. Jana uliporudi msikitini ulikaa hapo kwenye kochi, unakula tikiti, unanitizama mpaka nikatoa salamu. Ulijua kama haisihi."

"Nilikuwa nnatafuta namna ya kukwambia."

"Namna yenyewe ni maneno mawili, Yaqoob. Ushayasema sasa hivi, wala hukufa." Hakuwa akimwita kwa jina, miaka yote ile. "Yako uliikimbiza msikitini isije ikaharibika. Yangu ukaiwacha."

Yaqoob alianza kusema kwamba asiyejua hana lawama, na kwamba angeulizia kwa masheikh. Wadha alikuwa ameshainuka kwenda kutia udhu. Nami nasema, na anibishie anayetaka: mume kuongeza mke, wako wengi, na wengine huomba radhi wakasamehewa. Lakini mtu anayemwogopa Mungu kwa ajili ya shingo yake tu, akamwacha mkewe asimame mbele ya Mungu huyo huyo na sala mbovu, huku yeye anakula tikiti, mtu huyo ucha Mungu wake ni wa kujitia hirizi. Mama yake Wadha alipitwa mlangoni, lakini hakuna aliyeichezea sala yake.

Siku sita, kila siku sala tatu za rakaa nne. Wadha alizipiga hesabu akiosha miguu, sala kumi na nane, rakaa sabini na mbili. Akarudi, akauvuta mswala wake mbali na ule wa Yaqoob, mpaka ukutani, akakabiri.

Wali uliungua. Harufu ilijaa nyumba nzima, na mwisho Yaqoob alichechemea kwenda kuzima gesi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuligusa jiko lile tangu wafike. Aliporudi ukumbini mkewe alikuwa katika sala ya tatu. Magoti yake yalikuwa mabovu tangu alipokuwa akisomesha, na kila alipoinuka alitia mkono chini. Yaqoob alimletea kiti aweke mbele yake, ashikilie. Wadha alikiacha pale pale.

Shahad alirudi na mkate. Alimkuta mama yake anasali saa ambayo hakuna sala, baba yake amekaa kochini, jikoni moshi. Aliuliza mama anasali nini. Shahad akakaa, akamwangalia mama yake akimaliza rakaa nne, akitoa salamu, akiinuka hapo hapo kwa nne nyengine bila ya kumtizama mtu. Wasichana wetu wa chuo kikuu huambiwa hawajui dini, lakini huyu alilelewa na Wadha. Aliiangalia miswala. Alikumbuka makofi mawili. Uso wake ulibadilika taratibu, kidogo kidogo, na baba yake aliuona ukibadilika.

"Baba," alisema, "hapa ni kwenu?"

Yaqoob aliinamisha kichwa.

"Na mimi nisali ngapi?"

Hilo hakulifikiria. Katika mipango yake yote, mlima na mjane na nyumba ya kupanga, alikuwa amesahau kwamba na binti ambaye hajaolewa humfuata baba. Siku sita Shahad naye alisali mbili pale ukumbini, akacheka, akala ndizi za tui. Yaqoob alinyoosha vidole vinne.

Shahad aliuweka mkate mezani. Alikwenda kutia udhu, akatandika mswala wake ukutani, bega kwa bega na mama yake, akaanza.

Walisali mchana kutwa. Waliposikia adhana ya alasiri walisali ile ya siku yenyewe, nne, kisha wakarudi kwenye za nyuma. Baina ya sala na sala Wadha alikunywa maji, akakanda magoti, akainuka. Hakulia, au kama alilia ilikuwa katika sijda ambako haonekani. Kutoka bwawani zilisikika sauti za watoto wa Kizungu wakirukia maji. Yaqoob alikaa kochini, mguu juu ya mto, hawezi kushuka ngazi wala hawezi kuingia chumbani, kwa kuwa kuingia chumbani ilikuwa lazima awapite mbele. Alikaa akawahesabia, kila salamu wanayotoa, na kila salamu ilikuwa yake.

Jua lilikuwa limeshafika ukingoni mwa ngome Wadha alipomaliza ya kumi na nane. Shahad alikuwa amebakisha mbili. Wadha alikaa amenyoosha miguu, akasema na mumewe bila ya kugeuka.

"Kwa Mungu nishalipa. Sidaiwi kitu katika nyumba hii. Sasa niwache."

Yaqoob alisema mambo kama hayo hayasemwi na hasira, watayazungumza Maskati. Wadha akasema hana hasira, ana magoti tu. Maskati atamwandikia karatasi yake, na asipoandika kuna mahakama, na mjomba yu hai na sharti analikumbuka. Karatasi ilipatikana mwezi wa Shaabani. Yaqoob aliichelewesha kadiri alivyoweza, na watu wa Hamriya walisema Bi Wadha kavunja nyumba ya miaka ishirini na sita kwa jambo ambalo wenziwe huvumilia. Hakumweleza mtu.

Lakini jioni ile, kule Alanya, adhana ya magharibi iliposikika, Yaqoob aliinuka kwa kushika ukuta. Aliuendea mswala wake wa mbele, uliokuwa pale pale tangu adhuhuri, akasimama, akageuka kuwatazama kama imamu anavyotazama safu yake.

"Magharibi ni tatu popote," alisema. "Kwa msafiri na kwa mkaazi. Haina hitilafu."

"Nnajua," alisema Wadha. "Sali yako."

Alimsaidia binti yake kuinuka, au binti alimsaidia yeye. Wakakunja miswala yao miwili wakaenda nayo jikoni, baina ya jiko la macho mawili na sufuria ya wali ulioungua, mahali panapowatosha watu wawili tu, wakasali huko.